Siku Niliyonoa Mnyororo Kupita Kiasi

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaposikia tronsonezi ikiwashwa mahali popote hapa Bukavu. Wewe ukiisikia hiyo mashine ya kukata miti unaendelea na chai yako. Mimi naweka kikombe chini, nangoja mpaka mti uanguke na watu waanze kuongea tena. Mama yako, binti yangu, anadhani ni ukaidi wa uzee. Siyo ukaidi, ni woga, na nimeishi nao zaidi ya miaka thelathini.

Jana mchana nilikuona umekaa kwenye ngazi ya baraza, mashine ya bosi wako magotini, vile vidude vya muziki vimejaa masikioni, unanoa mnyororo huku kichwa kinacheza. Nilikuita mara tatu. Mara ya tatu ulitoa kidude kimoja, kimoja tu, ukaniambia mimi babu yako, “Koko, hii kazi ni rahisi, nilishaielewa.” Una wiki mbili kazini. Nilinyamaza kwa sababu mgeni alikuwa ameingia uani, na pia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika nasema ovyo. Leo nimetulia. Kaa basi, na hivyo vidude uviweke mfukoni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa niliposhuka kutoka kijijini kwetu Miti kuja kujifunza kazi kwa Papa Bisimwa. Baba yangu alikuwa amekufa, na mama ndiye alinileta mwenyewe, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akiwa na kuku mmoja kwenye kikapu kama shukrani. Papa Bisimwa alikaa Kadutu, mlimani. Kazi yake ilikuwa kukata miti mjini humu humu, katikati ya nyumba, na unaijua milima yetu ilivyo: nyumba iko juu ya nyumba, na mkaratusi uko juu ya zote mbili. Huko msituni mti unauangusha popote. Hapa mjini ukikosea kidogo, umeuweka juu ya kitanda cha mtu. Kwa hiyo watu walimwamini Papa Bisimwa, maana hakuwahi kuvunjia mtu hata sufuria.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, miwani yake imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kukata hata tawi. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kufunga kamba, na kunoa. Kunoa alinifundisha kwa mikono yake juu ya mikono yangu. Tupa ya duara unaisukuma mbele tu, hairudi nyuma ikigusa chuma. Kila jino misukumo mitatu, na meno ya kushoto yawe sawa na ya kulia, la sivyo mashine inakwenda upande kama mlevi. Halafu kuna vinundu. Umeviona wewe? Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo cha chuma, chini kidogo ya ncha ya jino. Jino linakata, na kinundu kinalizuia lisiume mti kwa kina kupita kiasi. Kinundu hakiguswi mpaka upime kwa kile kibati cha kupimia, na anayepima ni bwana mwenyewe, siyo mwanafunzi.

Aliniambia na sababu. Kaka yake mkubwa alifanya kazi hiyo hiyo upande wa Kavumu. Siku moja mnyororo wake uliuma mti kuliko nguvu za mikono yake, mashine ikaruka nyuma ikampata usoni. Papa Bisimwa ndiye alimbeba. Hakunieleza zaidi ya hapo, ila alisema, “Yule atagusa vinundu bila kipimo, atarudia kwa mama yake siku ile ile.” Nilijua hatanii. Na kwa mama yangu Miti kulikuwa na wadogo zangu watano na shamba la mihogo lisilowatosha.

Alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla ya kuvuta kamba ya kuwasha mashine, aliuliza mbele ya watu wote, “Ni nani alinoa?” Mimi najibu, “Ni miye, Papa.” Kisha anauliza, “Iko sawa?” Nami najibu, “Iko sawa.” Basi, anawasha. Hakukagua. Wateja walicheka wakidhani ni aina ya sala, na kwa kweli yeye aliichukulia hivyo. Alisema mtu akikuambia kwa mdomo wake kwamba makali yako sawa, ukianza kukagua nyuma yake umemwita mwongo.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo ujinga wangu unapoanza. Wiki ile tulikuwa tumekata miti migumu, na Papa alilalamika kwamba mashine inakula polepole. Alilalamika tu, kama mtu anavyolalamikia mvua. Mimi nikalichukua moyoni. Nilikutana na kijana mmoja wa kikundi kingine, Mugisho, ambaye tulikuwa tunachota naye maji bomba moja. Akanicheka. Akasema mnyororo wetu unatafuna kama mzee asiye na meno, na kwamba kwao wanavilaza vile vinundu, wanavisaga kwa tupa bapa, mashine inaingia kwenye mti kama iko kwenye tunda la avoka. Nilimuuliza kama siyo hatari. Akasema hatari ni kwa watu waoga.

Alasiri ile ile, Papa akiwa ameenda kutazama kazi ya kesho yake, nilikaa nyuma ya nyumba na tupa bapa, nikavilaza. Vyote. Sikupima, maana kibati cha kupimia alikuwa nacho yeye mfukoni. Nilitaka kesho ashangae, aulize nani kanoa hivi, anisifu mbele ya watu. Lakini nilipomaliza na kufagia ule unga wa chuma, woga ukaniingia. Chuma ukishakiondoa hukirudishi. Nilikaa pale nikiuangalia ule mnyororo, nikijua nimefanya kitu nilichokatazwa, na nikijiambia labda hatatambua.

Kazi ya kesho yake ilikuwa kwa Maman Nabintu, mjane mwenye watoto wanne. Parsele yake, kiwanja chake, ilikuwa kwenye mteremko mkali, nyumba ya mbao na mabati, na mkaratusi mkubwa juu yake umeinama kuelekea paa. Mvua zilikuwa zimekula udongo kwenye mizizi. Kila upepo ukivuma kutoka ziwani, yule mama alikuwa anatoa watoto nje. Papa alipanga kuuangusha ubavuni, kwenye migomba. Alifunga kamba juu, wanaume wawili wa jirani wakaishika kwa upande wa migomba, mbali kabisa na mti. Maman Nabintu na watoto wake wakapanda kukaa barabarani juu, wakiitazama nyumba yao tupu.

Papa akaishika mashine. Akauliza, “Ni nani alinoa?”

“Ni miye, Papa.”

“Iko sawa?”

Mwanangu, nafasi nilikuwa nayo pale. Mashine ilikuwa haijawashwa, mti haujaguswa, ningesema tungechelewa saa moja na mimi ningerudishwa Miti. Nilimfikiria mama na kuku wake kwenye kikapu. Nikasema, “Iko sawa.”

Akafanya ishara ya msalaba, akawasha. Alianza kukata mdomo wa mti, ile pembe unayoitoa upande unakotaka mti uangukie. Mara tu mnyororo ulipogusa, mashine ilishtuka mikononi mwake, ikajivuta mbele. Niliona mabega yake yakikaza. Akapunguza moto, akaitoa, akauangalia mnyororo, kisha akazima na kuniangalia mimi. Vinundu vya mnyororo ni vidogo, na macho yake hayakuwa mazuri hata kwa miwani.

“Inakula vibaya,” akasema. “Ulishika vinundu?”

Wanaume wa kamba walikuwa wananitazama, na mmoja alikuwa mtu wa Miti anayemjua mama. Nikasema, “Hapana, Papa.”

Aliutazama mti. Kisha akasema, “Basi ni huu muti, iko na fundo ndani,” akawasha tena.

Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye, na nimeona vita. Alimaliza mdomo, akahamia upande wa nyuma kuanza kukata kukutana nao. Kila baada ya muda mfupi mashine ilishtuka, ikanyanyua ncha yake, naye akairudisha kwa nguvu za mikono. Nilikuwa naangalia umbali kati ya ile ncha na shingo yake. Mara ya kwanza ulikuwa mkono mzima, mara ya pili ukawa nusu. Kaka yake alinijia kichwani, mtu ambaye sikuwahi kumwona, na nilimwona bila uso. Nikapiga kelele, “Papa, simama.” Na mashine inavyonguruma, nani atasikia?

Kumkaribia kwa nyuma nilikuwa nimekatazwa tangu siku ya kwanza. Ukimshika bega mtu anayekata, anageuka na mashine, na inawapata wote wawili. Mahali pekee ambapo angeniona ni mbele yake, upande wa migomba, mle mle mti ulikotakiwa kuangukia. Na mti ulikuwa umekatwa karibu nusu. Nilisimama pale nilipo, nadhani muda wa kumenya ndizi moja, nikitafuta njia nyingine. Haikuwepo. Nikakimbia kuingia kwenye migomba, nikasimama chini ya ule mti, nikainua mikono yote miwili.

Aliniona. Uso wake ulibadilika, akazima. Kulipokuwa kimya ndipo nikasikia mti wenyewe, juu yangu, ukilia polepole ndani kwa ndani. Nilitaka kukimbia lakini niliogopa nikikimbia nitakosa nguvu ya kusema. Kwa hiyo nilisema pale pale nilipo.

“Papa, nilivilaza vinundu. Vyote. Nilikudanganya.”

Alinionyesha kwa kidole nitoke, nami nikatoka. Akashuka na mashine hadi kwenye jiwe moja mbali na mti, akakaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Nilikuwa sijajua kwamba mtu kama yule anaweza kuogopa. Hilo liliniongezea hofu kuliko kama angenipiga.

Hapo tulikuwa tumefungwa, mwanangu. Mnyororo wa pili haukuwepo, ulikuwa umekatika wiki ile. Shoka lingeutikisa mti uliokwisha kukatwa nusu na kuupeleka unakotaka wenyewe. Kuuacha hivyo haikuwezekana, kwa sababu mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani, na upepo wa ziwani ungeusukuma moja kwa moja kwenye paa la yule mjane. Iliyobaki ni njia moja. Jino la mnyororo limechongwa kushuka kuelekea nyuma. Ukilinoa sana linarudi nyuma na linapungua kimo, na likipungua vya kutosha, kinundu chake kinakuwa tena kwenye kipimo. Ila lazima unoe yote, moja moja, kwa hesabu ile ile, bila kukosea hata moja.

Akanipa tupa. “Weye ulibomoa, weye utatengeneza,” akasema. “Miye nitahesabu.”

Nikainama nikaanza. Alihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, un, deux, trois, mpaka kumi na mbili kwa kila jino, kisha anaweka kibati, anapima, anasogeza mnyororo. Jasho liliniingia machoni. Kila upepo ulipovuma mti ulilia, na mimi niliinua kichwa, naye alinigonga kidogo kwenye mkono ili niangalie jino. Wanaume wa kamba walianza kunung'unika kwamba mikono inawauma. Maman Nabintu akaita kutoka barabarani, akauliza, “Papa, tunangoja nini? Mvua iko nakuya.”

Nilifunga macho. Nilijua sasa atanitaja.

“Tunanoa, maman,” akamjibu. “Uvumilie kidogo. Usishuke kwanza kwa nyumba.”

Hakunitaja, na mimi machozi yakanitoka juu ya tupa. Nililia huku nanoa, naye akaendelea kuhesabu.

Tulipomaliza jino la mwisho, matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga mabati. Akasimama. Mara hii hakuuliza nani alinoa. Alipitisha kidole gumba kwenye meno yote, moja baada ya jingine, mbele yangu na mbele ya wale wanaume, mpaka aliporudi pale alipoanzia. Kisha akarudi penye mti na kuwasha. Nilikuwa nimeshika kamba pamoja na wale wawili, na sikuwa naangalia mti kabisa, nilikuwa naangalia uso wake. Mashine iliingia ikitulia. Haikuruka. Mti ukaguna, ukasimama kidogo kama unafikiri, tukavuta kamba kwa uzito wetu wote, ukaja ubavuni na kuivunja migomba sita ya Maman Nabintu. Nyumba haikuguswa. Watoto wakapiga makofi kule juu, na mimi nikaenda nyuma ya choo nikatapika.

Aliongea nami tukiwa njiani kurudi, mvua inatunyeshea, mashine begani kwangu. Nilitarajia kuambiwa nifungashe.

“Nilikuuliza mara mbili,” akasema. “Mara ya pili mikono yangu ilishanielezea ukweli. Nikaacha mikono yangu, nikaamini mudomo yako. Unajua nilikuwa nakupatia nini pale? Nilikuwa nakupatia uso wangu.”

Baada ya hatua kadhaa akaongeza, “Umekuya kusimama chini ya muti kwa ajili yangu. Kwa hiyo hautaenda Miti. Lakini neno lako la asubuhi nimelichukua, hautakuwa nalo kwa sasa.”

Na kweli hakunifukuza. Ila asubuhi zote zilizofuata, miezi na miezi, hakuuliza tena nani amenoa. Alichukua mnyororo niliounoa, akavaa miwani, akagusa jino moja moja mbele ya wateja, nami nimesimama kando mikono nyuma. Wateja hawakujua kitu. Mimi nilijua, na niliona aibu kila asubuhi mpaka nikafikiri heri angenipiga siku ile yakaisha. Nilinoa vizuri kuliko mtu yeyote wa Kadutu, na haikusaidia. Alikuwa hakagui makali, mwanangu, alikuwa ananikagua mimi. Ilipita mwaka na zaidi, ndipo asubuhi moja ya kawaida, tukiwa mtaani Panzi kwenye kazi ndogo tu, aliishika mashine, akaniangalia, akaivuta kamba bila kugusa jino hata moja.

Kwa hiyo nikuambie ninachotaka kukuambia, halafu uende. Unapojifunza kunoa, usiwe na haraka ya kufanya chombo kiwe kikali. Ukali kila mtu anaweza kuuongeza, hata mpumbavu kama mimi mwenye tupa bapa. Hesabu misukumo yako, pande zote mbili. Usiondoe chuma ambacho hujaambiwa ukiondoe, na usimsikilize kijana wa bombani anayekuita mwoga. Sikia woga wako. Mimi wangu ulinisemesha tangu nilipofagia ule unga wa chuma, nikaunyamazisha mpaka ukanikuta chini ya mti.

Na ukikosea, maana utakosea, sema wakati mashine bado imezimwa. Utaona aibu, labda utafukuzwa, utakuja hapa kwangu utakula ugali na mboga ya sombe kama siku zote. Ukichelewa kidogo tu, hutakuwa unaongea tena juu ya kazi yako, utakuwa unaongea juu ya mwili wa mtu. Yule bosi wako ana mke na watoto, na kila asubuhi anakishika ulichonoa wewe na kukiweka karibu na shingo yake. Fikiria hilo kabla hujajaza muziki masikioni.

Papa Bisimwa alikufa mzee, kitandani kwake, hapo hapo Kadutu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomtengeneza kabla ya kumweka kwenye sanduku. Nilimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, paji, mashavu, kidevu, na ulikuwa mzima wote, hauna kovu hata moja. Niliufuta muda mrefu mpaka watoto wake wakaniambia, tonton, mjomba wetu, inatosha.

Enda sasa, mwanangu. Mungu akulindie vidole na macho, akupe bwana anayekuhesabia misukumo bila kukutukana, na siku ulimi wako utakapokuwa mzito kwa woga aufungue mapema. Na wote watakaoshika chombo ulichokinoa warudi nyumbani jioni na nyuso zao.